Gereji ya chini ya mkwaju, Malindi: walivyoifufua Plymouth ya marehemu baba

Mrija wa maji wa ndani ya injini ulitoka vipande kumi na kimoja. Nilivihesabu mwenyewe, maana fundi alikuwa akivivuta kimoja kimoja kwa ndoana ya waya na kunipa mimi nivipange juu ya karatasi ya kaki niliyokuja nayo kutoka dukani kwangu, ninakouza vitambaa. Vilikuwa vyekundu kwa kutu, vyepesi kama maganda ya kitunguu, na kimoja kilimeguka mkononi mwangu kabla sijakiweka chini. Fundi akafuta mikono, akaviangalia kwa muda. "Huyu ndiye aliyekuwa akilichemsha gari la babako," akasema. "Injini si mbovu, mwanangu. Injini ilikuwa na kiu."

Naandika haya kwa ajili ya mtu yeyote wa pwani aliye na gari la zamani limelala uani, na kila fundi anayemwita anamwambia aling'oe injini atie ya Toyota. Mimi niliambiwa hivyo na mafundi watatu. Wa nne alikataa. Huyo wa nne ndiye ninayetaka mumjue.

Gari lenyewe ni Plymouth Cranbrook ya mwaka 1951, milango minne, usukani kulia, silinda sita. Baba alilinunua mwaka 1964 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, na kwa zaidi ya miaka thelathini likawa ndilo gari la nyumba yetu hapa Shela, Malindi. Watoto wa mtaa hawakuliita Plymouth. Waliliita gari la jahazi, kwa sababu ya kile chuma kinachong'aa kwenye pua ya boneti, chombo kidogo kilichotweka tanga. Wamarekani wanasema ni Mayflower, meli iliyowavusha Waingereza mwaka 1620. Sisi tulikuwa tunasema linakwenda Lamu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini baba alikipangusa chombo kile kwa kipande cha kanga kuukuu, akianzia tanga akimalizia omo, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa siku hiyo.

Alikuwa mchuuzi wa embe na korosho, na safari ya Mombasa ilikuwa kila wiki. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991, kwa hiyo utoto wangu wote nimeujulia kwenye foleni ya feri: madirisha yameshushwa, korosho za moto kwenye karatasi, na baba ameketi nyuma ya usukani na kofia yake ya viua kichwani. Hilo la kofia nimelielewa ukubwani. Chrysler, kampuni iliyoitengeneza Plymouth, ilikuwa na rais anayeitwa K. T. Keller, na yeye alishikilia kwamba mtu lazima aweze kuingia garini na kuketi bila kuvua kofia. Wenzake kwingineko walikuwa wanashusha mapaa ili magari yaonekane ya kisasa. Keller akaliacha paa lake juu. Huko Marekani walimlaumu kwamba magari yake yamekaa kama masanduku. Lakini baba hakuwahi kuvua kofia ndani ya gari lile hata siku moja, na leo bibi harusi anaingia na nywele zake zimepambwa na asumini juu yake, halafu anashuka hakuna ua lililovunjika. Jaribu hivyo kwenye saluni za leo.

Baba alifariki mwaka 2007. Gari lilikuwa limeshasimama tangu 1998, chini ya mwembe, kwa sababu lilikuwa linachemka kila likifika Gede. Kaka zangu walitaka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wale wanaopima kwa kilo. Nikalichukua mimi.

Sasa kosa langu la kwanza, ili wengine wasilirudie. Nililipeleka gereji moja kubwa Mombasa, yenye ofisi na kiyoyozi, jina lake nitalihifadhi. Likakaa huko miezi tisa. Liliporudi lilikuwa baya kuliko lilivyokwenda, na sababu zilikuwa mbili ambazo yeyote mwenye gari la Kimarekani la miaka ile anapaswa kuzijua. Ya kwanza: umeme wa gari hili ni wa volti 6, si 12, na chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya siku hizi. Wao waliifunga betri kinyume, wakaunguza vitu, kisha wakatia nyaya nyembamba za magari ya volti 12. Ya pili: bolti za magurudumu ya kushoto zina meno ya kinyume. Unazifungua kwa kuzungusha kule unakozoea kufunga. Kijana mmoja alitia bomba kwenye spana akazidisha nguvu akidhani zimeshikwa na kutu, akakata tatu. Sikuwa na la kusema. Nililipa, nikalipakia gari kwenye lori nikarudi nalo Malindi.

Gereji ninayoisifu haina ofisi. Ukitoka mjini ukashika barabara ya Lamu utaona mkwaju mkubwa upande wa kushoto na malori mawili yasiyo na magurudumu. Hakuna kibao. Fundi mkuu ni mzee wa makamo ya sabini hivi, aliyeanza ufundi akiwa kijana kwenye matrekta na malori ya mashambani, na mimi humwita ami kwa sababu alimjua baba. Nilipomwamkia na kumweleza, hakuuliza nina pesa ngapi. Alizunguka gari mara moja, akapiga magoti gurudumu la mbele kushoto, akapitisha kidole juu ya bolti zilizokatika, akatikisa kichwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mombasa, ami."

"Hakuuliza?"

Nikamwambia ushauri wa injini ya Toyota. Sitaki nieleweke vibaya, Toyota ni gari la riziki. Probox yangu ya kubebea majora haijawahi kuniacha njiani. Fundi naye alisema ile kazi anaiweza, ni ya wiki tatu, na ingemlipa vizuri. "Lakini ukitia ya Toyota," akasema, "utakuwa na Toyota yenye jahazi. Hii hapa bado nzima. Nipe nafasi niifungue nione." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimwachie ufunguo.

Alipofungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, niliitwa nikaone. Hedi ya injini hii ni bapa kama sinia, haina ndani yake hata valvu moja, vile vizibo vinavyofunguka kuingiza mafuta na hewa na kutoa moshi. Valvu ziko ubavuni mwa silinda, zimesimama ndani ya bloku, na ukitazama juu unaziona zote kumi na mbili zimepangika kama mafiga ya chungu kidogo. Nane zilikuwa na rangi ya majivu, ndivyo inavyotakiwa. Zile za nyuma, za silinda ya tano na ya sita, zilikuwa zimeungua kingo. Hapo ndipo aliponieleza habari ya mrija, na nimejaribu kuishika kwa sababu naamini watu wengi wameua injini zao bila kujua. Ndani ya bloku, kuanzia pampu ya maji mpaka nyuma, mmelazwa mrija wa bati wenye matundu. Kazi yake ni kuyapeleka maji ya baridi moja kwa moja kwenye makalio ya valvu, yaani pale zinapokalia zikijifunga, ya mbele na ya nyuma sawasawa. Ukishaliwa na kutu, maji hupita njia ya mkato huko mbele, na silinda za nyuma hubaki na maji yaliyokwisha kupata moto. Watu hubadilisha rejeta, hubadilisha pampu, hubadilisha thamostati (kidhibiti cha joto la maji), gari linaendelea kuchemka. Baba alibadilisha vyote hivyo. Rejeta peke yake alinunua mara mbili.

Na mrija huo hauuzwi Malindi wala Mombasa. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Fundi akaniambia nimletee karatasi ya kaki, ile ninayowauzia mafundi cherehani wa kukatia vipimo, na siku ya pili ndiyo tulivipanga vile vipande kumi na kimoja. Mimi nimekata vitambaa miaka ishirini na saba. Nimewahi kumshonea mtu kanzu kwa kutazama ya zamani iliyochanika, kwa hiyo nilijua anachokitafuta: ukipata upande mmoja mzima na ukajua mwanzo na mwisho, katikati utapahesabu. Kipande cha nyuma kilikuwa na matundu mawili mazima. Alipima nafasi baina yake, akahesabu valvu ndani ya bloku, akatia alama kwa penseli, akanigeuzia karatasi. "Sawa?" Nikapima kwa utepe wangu. Tundu moja lilikuwa limesogea nusu sentimita. Akalifuta, akaliweka upya. Kisha akalikata bati la shaba kwa karatasi ile, akalikunja juu ya bomba, akalichomelea ukingoni, akalisugua mpaka likawa laini. Shaba haitaliwa na kutu kama lile bati la kwanza. Alipousukuma ndani ulikwama kidogo, akautoa, akausugua tena ubavuni, ukaingia wote kwa mkono bila nyundo.

Kazi ile ya mrija alinitoza shilingi 6,500. Injini yote, pamoja na kusaga valvu na gasketi, ilikuwa 118,000. Nyaya mpya nene, pamoja na kazi ya stata, 14,000. Kuhusu nyaya alinifafanulia kwamba volti zikiwa kidogo, ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, lazima ziwe nyingi kwa kazi ileile, na ampea nyingi hazipiti kwenye waya mwembamba. Hakubadilisha gari kuwa la volti 12. Alirudisha unene wa nyaya uliokuwepo, na stata ambayo Mombasa walisema imekufa ikazunguka siku hiyohiyo, polepole lakini kwa nguvu, kama mtu mzima anayepanda ngazi.

Viti vilifanywa na mwanawe, palepale, kwa 38,000, na hapa naweza kusema kama mtu wa fani. Kitambaa nilitoa mimi, cha rangi ya kijivu chenye mstari mwembamba wa samawati, kilicho karibu sana na cha zamani. Ndani alitia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa vizuri, akaweka sponji nyembamba juu tu. Mishono imenyooka, kamba ya ukingoni haijapinda hata kwenye kona za mkono, na mistari ya mgongo imeangukia sawasawa juu ya mistari ya kalio. Hicho cha mwisho hakifanywi na mtu mwenye haraka. Nimeona viti vya magari ya hoteli vilivyoshonwa kwa pesa mara tatu ya hizo, na mistari imepishana.

Zipo kasoro, na nitazisema kwa sababu nimelipa. Niliambiwa miezi mitatu ikawa saba. Mara mbili nilikuta gari langu limesogezwa juani na lori la mtu limewekwa kivulini. Hakuna stakabadhi, kuna daftari la mkono, na ingawa kila M-Pesa niliyotuma imeandikwa humo kwa tarehe, mwenye kutaka karatasi ya kampuni ataudhika. Mwanamke akienda kusubiri hana pa kukaa ila benchi la mafundi, na msalani ni mpaka nyumba ya jirani. Breki za mbele, zenye silinda mbili kila gurudumu, bado zinavuta kidogo kushoto. Ameshazirekebisha mara mbili na amekiri kwamba bado hajaridhika nazo.

Na raba za kushikia injini. Hili linaniuma zaidi kwa sababu raba zilikuwa fahari ya Plymouth. Mwaka 1931 ndipo walipoiweka injini juu ya raba ili mtikisiko wake usifike kwa abiria, wakati magari mengine ya bei ile yalikuwa yanatetemesha meno. Baba aliweza kuweka kikombe cha kahawa juu ya boneti, injini inanguruma, kahawa isimwagike. Alituonyesha mchezo huo kila mgeni akija. Fundi alikata raba mpya kutoka tairi la lori, nazo ni ngumu mno. Nilijaribu na kikombe. Kilitembea.

Wakati wa kusubiri kule benchini tulizungumza sana na ami habari za magari yaliyokwisha. Yeye anayataja kama nasaba. DeSoto alikuwa ndugu wa Plymouth, wote wamezaliwa nyumba moja ya Chrysler mwaka 1928, na DeSoto akatangulia kufa, mwishoni mwa 1960. Hudson na Nash walioana mwaka 1954 wakawa American Motors, na majina yao wenyewe yakafutwa 1957. Packard, gari la wakubwa, 1958. Studebaker, ukoo ulioanza kwa kutengeneza mikokoteni ya farasi mwaka 1852, gari lao la mwisho lilitoka kiwandani Kanada mwaka 1966. Mercury aliletwa Afrika Mashariki kwa mbwembwe kwenye mbio za magari za Safari ya 1964, magari ya Comet makubwa yenye nguvu, na Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes ndiyo iliyoshinda. Mercury mwenyewe alizimwa 2011. Pontiac 2010. Oldsmobile, mkongwe kuliko wote hao katika kutengeneza magari, alizaliwa 1897 akazikwa 2004. Fundi akifika kwenye Oldsmobile hunyamaza kidogo. Alilifanyia kazi moja ujanani.

Plymouth ilikufa mwaka 2001. Nimefikiri sana kwa nini, maana katika miaka ya thelathini na arubaini ilikuwa ya tatu kwa mauzo Marekani nzima, nyuma ya Chevrolet na Ford tu. Nadhani mwuza nguo analielewa jambo hili upesi. Ukichapa mchoro mmoja wa kanga, ukabandika majina mawili tofauti pembeni, ukaziweka rafu moja, mnunuzi ataligundua hilo kabla ya Idi. Kuanzia hapo jina moja halina kazi. Gari la mwisho la Plymouth lilikuwa Neon, na Neon hiyohiyo ilikuwa inauzwa kwa jina la Dodge, ndugu mwingine wa nyumba ya Chrysler. Bodi moja, injini moja, tofauti ni nembo. Walikuwa wamemvua Plymouth kila kilichokuwa chake, kuanzia paa la kofia mpaka injini juu ya raba, kisha wakashangaa hakuna anayemuulizia.

Jina lenyewe lina historia ninayoipenda. Aliyelipendekeza, Joseph Frazer, mtu wa mauzo pale Chrysler, hakuwa anafikiria wale Waingereza wa Mayflower wala meli yao. Alikuwa anafikiria kamba. Wakulima wa Marekani walizijua kamba za kufungia nafaka za Plymouth, zilikuwa kwenye kila shamba, na Walter Chrysler, mwanzilishi wa kampuni, alitaka jina ambalo mkulima tayari analiamini. Nimelisoma hilo baada ya baba kufa. Nasikitika sikupata kumwambia, maana kila wiki alipita na gari lile katikati ya mashamba ya katani ya Vipingo, safu kwa safu mpaka macho yachoke.

Nililichukua gari siku ya Jumatano baada ya alasiri. Fundi alikaa upande wa abiria, mimi usukani, tukaenda mpaka Gede, pale lilipokuwa linachemkia. Nikasimama. Akashuka, akaweka kiganja juu ya hedi mbele, akakihamisha katikati, akakihamisha nyuma juu ya silinda ya sita, akakiacha hapo. Akaniita nami niweke wangu. Joto lilikuwa moja. Tukaendelea mpaka njia panda ya Watamu tukageuza.

Tangu siku hiyo limebeba harusi nne, mbili za hapa Malindi, moja Mambrui, moja Kilifi, na kwenda Kilifi nimevuka daraja mara mbili na sindano ya kipimo cha joto haikusogea. Kazi ya rangi bado. Breki atazifungua tena mwezi ujao, na raba za injini nimemtafutia laini zaidi kwa muuzaji wa mipira ya mashua, ameniwekea vipande viwili. Ukitaka kumwona ami nenda asubuhi, umwamkie kwanza, wala usimwulize bei kabla hajalizunguka gari lako. Kikombe cha baba kimo ndani ya kisanduku cha dashibodi, nimekifunga kwa kipande cha kanga.